Simfoni Yetu

Mei 1877 mtunzi wa muziki wa Urusi, Pyotr Ilyich Tchaikovsky, alipata oda. Mjane mmoja tajiri wa Moscow alitaka atungiwe kipande kifupi cha fidla na piano, na jina la kipande alikwisha kulichagua mwenyewe: Lawama. Alitaka kiwe kilio cha moyo uliofikishwa mwisho wa kuvumilia. Malipo hayakuwa na shaka. Tangu Desemba iliyotangulia mama huyo alikuwa akimwagizia vijikazi vya namna hiyo, na kila mara alilipa kuliko kazi yenyewe ilivyostahili.

Tchaikovsky alikuwa na miaka 37, mwalimu wa nadharia ya muziki asiyependa kufundisha, na madeni yamemkaba koo. Mwingine mwenye hali kama yake angekaa mezani akaimaliza oda ile kwa siku mbili. Yeye aliikataa. Alijibu kwamba anahisi oda hizi zinakuja kwa sababu mwagizaji anajua mfuko wake umetoboka, na kwamba dhamiri haimruhusu kumlipulia kazi mtu kama huyo ili apate hela. Kisha akaomba kile alichokihitaji hasa: mkopo wa ruble 3,000, ambao angeulipa kidogo kidogo. Akaongeza kwamba ana simfoni mkononi, na angependa kuitabaruku kwake.

Fedha zikaja. Habari za kurudishwa kwake, mkopeshaji hakutaka kuzisikia.

Nimeanza na deni makusudi. Habari za Tchaikovsky na Nadezhda von Meck husimuliwa kwa kivutio chake kimoja: watu wawili walioandikiana kwa karibu miaka 14, barua zaidi ya 1,200, bila kukaa na kuzungumza uso kwa uso hata siku moja. Ni kweli, na tutafika huko. Lakini wasimulizi wengi huona haya mbele ya fedha. Kuna wanaozipitia haraka kana kwamba zinachafua hadithi, na kuna wanaozifanya ndiyo hadithi yote, kwamba mama alimnunua msanii au msanii alimkamua mama. Wahenga wetu hawakuwa na haya hiyo. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, walisema, na hawakuweka sharti kwamba kufaana huko kusiguse mfuko. Mimi naona fedha hazikuuharibu urafiki huu. Kilichouharibu kilikuja baadaye, na kilikuja kikiwa kimevaa nguo za harusi.

Nadezhda Filaretovna alizaliwa mwaka 1831 na akaolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Mume, Karl von Meck, alikuwa mhandisi wa asili ya Kijerumani, mtumishi wa serikali mwenye mshahara wa ruble 1,500 kwa mwaka. Mke ndiye aliyemshinikiza aache kazi ile ya kunyenyekea wakubwa akajitegemee. Wakapitia kipindi cha njaa. Baadaye alimsimulia Tchaikovsky kwamba kuna wakati familia nzima iliishi kwa kopeki 20 kwa siku. Kisha Urusi ikaingia kwenye pupa ya kujenga reli, Karl akawa miongoni mwa waliopata kandarasi, na utajiri uliofuata ulikuwa wa kutisha. Alipofariki mwanzoni mwa 1876 alimwachia mjane wake hisa za reli, mashamba, nyumba kubwa jijini Moscow na watoto 11.

Mjane akajifungia. Hakutembelea watu, na watu hawakumtembelea. Watoto wake walipooa au kuolewa, hakutaka hata kujuana na wakwe. Kwenye maonesho ya muziki alikwenda, lakini alikaa peke yake mahali ambapo macho hayamfikii. Nyumbani alipiga piano, na vizuri, na aliajiri wanamuziki wakae naye kama wengine wanavyoajiri wapishi.

Mmoja wa wanamuziki hao ndiye aliyewaunganisha. Iosif Kotek alikuwa kijana wa miaka 21, mpiga fidla aliyefundishwa na Tchaikovsky katika Chuo cha Muziki cha Moscow. Mkuu wa chuo, Nikolai Rubinstein, alimpendekeza kwa Bi Nadezhda, na Kotek akaingia nyumba ile na sifa za mwalimu wake mdomoni. Mwenye nyumba hakuhitaji kushawishiwa sana. Alikwisha kusikia Tufani, kazi ya okestra ambayo Tchaikovsky aliitunga mwaka 1873 kutokana na mchezo wa Shakespeare, uleule ambao wasomaji wa Kiswahili waliupata kwa tafsiri ya Samuel Mushi. Kwa maelezo yake mwenyewe, muziki ule ulimwacha siku kadhaa akiwa kama mtu aliyepagawa. Akaagiza kazi ndogo, kazi ikaletwa upesi, na mwisho wa Desemba 1876 akaandika barua ya kwanza, fupi, ya shukrani na ya haya nyingi. (Natumia kalenda ya sasa. Warusi wa wakati ule walikuwa nyuma yetu kwa siku 12, jambo linalowasumbua wanaosoma barua hizi mpaka leo.)

Machi 1877 aliomba picha, na katika barua hiyohiyo akaweka mambo wazi. Zamani, alisema, alitamani sana kujuana naye. Sasa kadiri anavyozidi kuvutiwa naye ndivyo anavyozidi kuogopa kukutana naye. Anaona afadhali amuwaze akiwa mbali na amsikie ndani ya muziki wake. Tchaikovsky alijibu kwamba anamwelewa vizuri kuliko anavyodhani, kwani na yeye ana maradhi hayohayo ya kukimbia watu: kila anapomsogelea mtu, anaogopa kuvunjwa moyo.

Hakuna aliyemshurutisha mwenzake, basi. Na sharti lile lilifanya kazi ambayo wengi hawaioni. Mtoaji na mpokeaji wakikaa sebule moja, kuna namna ya kushika kikombe, kuna kuinuka mmoja anapoingia, kuna asante ambayo lazima irudiwe kila wageni wanapokuwepo. Tchaikovsky hakuwahi kusubiri ukumbini mwa von Meck, hakuwahi kuombwa baada ya chakula awapigie wageni kidogo. Waliposema walikuwa sawa kwa sawa, kwa sababu kwenye karatasi hakuna kiti cha mbele.

Sasa tazama jinsi mwaka ule mmoja ulivyomletea mtu huyu barua kutoka kwa wanawake wawili. Majira ya kuchipua ya 1877 aliandikiwa na Antonina Milyukova, aliyewahi kuwa mwanafunzi chuoni, akimwambia kwamba anampenda. Na wakati huohuo Tchaikovsky alikuwa anaanza kutunga opera ya Eugene Onegin, ambamo msichana anamwandikia mwanamume barua ya mapenzi na kujibiwa kwa ubaridi. Baadaye aliwaambia marafiki kwamba alimchukia Onegin kwa ubaridi ule na hakutaka kufanana naye. Kwa hiyo akamwoa Antonina, Julai 1877. Bi Nadezhda alipewa habari siku chache tu kabla ya ndoa.

Ilikuwa balaa tupu. Tchaikovsky alivutiwa na wanaume, barua zake kwa mdogo wake Modest hazifichi hilo, na alikuwa amejidanganya kwamba ndoa ingemtuliza na kuwafunga watu midomo. Hawakukaa pamoja hata miezi mitatu. Kufikia Oktoba alikuwa amekimbilia Uswisi akiwa na mdogo wake mwingine, Anatoly, hali yake ya akili mbaya kiasi cha kuwatia hofu waliomwona. Aliyemwoa, aliyekaa naye chumba kimoja, hakumfaa kitu. Husemwa fimbo ya mbali haiui nyoka. Hii iliua. Bi Nadezhda alilipa yaliyotakiwa kulipwa, kisha akampangia posho ya ruble 6,000 kwa mwaka, mara nne ya mshahara aliokuwa akilipwa marehemu mumewe serikalini, bila kudai chochote. Mwaka uliofuata Tchaikovsky aliacha ualimu. Kwa miaka 13 posho ile ilikuja kwa wakati wake.

Simfoni ya nne ilimalizwa Italia wakati wa baridi ile. Aliitabaruku kwa rafiki yake mkubwa kuliko wote, na jina la rafiki halikuandikwa, kwa kuwa mwenyewe hakutaka litajwe. Kati yao waliiita simfoni yetu. Ilipigwa mara ya kwanza Moscow tarehe 22 Februari 1878, Rubinstein akiongoza. Tchaikovsky alikuwa Florence. Bi Nadezhda, ingawa alikuwa mgonjwa, alikwenda kusikiliza, kisha akapeleka telegramu.

Kilichofuata ni barua ambayo wanafunzi wa muziki wanasomeshwa hadi leo. Aliuliza: simfoni yetu inasema nini? Tchaikovsky, ambaye wengine wakimuuliza hivyo aliweza kuwakwepa, alijibu kwa kurasa. Pembe zinazofungua kazi ni majaliwa, nguvu inayokaa juu ya kichwa cha mtu na kumzuia kuifikia raha yake. Sehemu ya pili ni huzuni ya jioni, mtu amekaa peke yake, kitabu kimemponyoka mkononi, na yaliyopita yanakuja makundi kwa makundi. Ya tatu, ambamo fidla na wenzake hazichezwi kwa upinde bali zinadonolewa kwa vidole, ni vitu vinavyopita kichwani mwa mtu aliyekunywa kidogo: walevi wa kijijini, wimbo wa mtaani, wanajeshi wakipita kwa mbali. Ya mwisho inamwambia: kama huna furaha ndani yako, nenda kwa watu, watazame wanavyofurahi. Akasaini. Halafu, kabla ya kufunga bahasha, akaisoma tena, akaongeza maneno mwishoni kwamba amestuka kuona jinsi maelezo yake yalivyo na ukungu.

Maongezo yale nayapenda kuliko barua yenyewe. Mtu anayemwandikia mfadhili huficha udhaifu wa kazi yake. Huyu aliuacha wazi na kuutia posta.

Kupenda muziki pamoja hakukumaanisha kupenda mamoja. Bi Nadezhda hakumwona Mozart kuwa kitu. Kwa Tchaikovsky hayo yalikaribia kufuru, maana Don Giovanni ya Mozart ndiyo iliyomtikisa alipokuwa mdogo, na alisema wazi kwamba bila Mozart asingejitoa kwa muziki. Alimweleza hayo kwa subira. Hakumbadilisha, na haonekani kuwa na kinyongo. Mara nyingine mama huyu aliuliza maswali ambayo mtu mwenye elimu ya muziki angeona haya kuyauliza, kwa mfano: hivi unatungaje? Majibu ya mwaka 1878 ni marefu na hayana mapambo. Anasema kuna kazi zinazomjia zenyewe na kuna kazi za oda, na kwamba za oda pia huweza kutoka vizuri. Anasema msanii hana ruhusa ya kukaa mikono kifuani akisubiri hamu imjie. Akae mezani kila siku, hamu itamkuta hapo. Tunayoyajua kuhusu jinsi Tchaikovsky alivyofanya kazi, mengi yametoka kwenye majibu haya aliyoandikiwa mtu mmoja asiye mwanamuziki wa kazi.

Hata mambo ya mtoto wa watu yalipita humo. Mwaka 1880 Bi Nadezhda aliajiri kijana wa Kifaransa wa kupiga naye piano wakati wa likizo, mwanafunzi wa chuo cha muziki cha Paris, hata miaka 18 hajafikisha. Walipiga pamoja simfoni ya nne, mikono minne kwenye piano moja. Kijana alikuwa na kijitungo chake cha ngoma ya Kibohemia, na tajiri wake akakituma kwa Tchaikovsky ili apate maoni. Jibu: kizuri, lakini kifupi mno, hakuna wazo lililokuzwa hadi mwisho wake. Kijana huyo alikuwa Claude Debussy.

Mei 1878 Bi Nadezhda alimkaribisha Tchaikovsky kwenye shamba lake la Brailov, nchini Ukraine, yeye mwenyewe akiwa hayupo. Mgeni akaachiwa nyumba nzima: vitabu vyake, vinanda vyake, bustani, watumishi waliopewa amri ya kutomsumbua. Alipoondoka alimkabidhi mtumishi mkuu vipande vitatu vya fidla na piano vilivyoandikwa kwa mkono wake, amfikishie mwenye nyumba. Cha kwanza kati ya vitatu hivyo kilikuwa kimekusudiwa kuwa sehemu ya pili ya konseto yake ya fidla, kikaonekana hakikai pale. Leo vinapigwa kila mahali kwa jina la Souvenir d'un lieu cher, kumbukumbu ya mahali pa kupendwa.

Miezi sita baadaye walisogeleana zaidi. Bi Nadezhda alikuwa Florence na jamaa zake, na alimpangishia Tchaikovsky nyumba umbali mfupi kutoka kwake, kwenye barabara ileile ya vilimani, ikiwa na piano tayari. Vikaratasi vilikwenda na kurudi karibu kila siku. Kila asubuhi mama alipita mbele ya nyumba ile akiwa na watu wake, akatazama. Tchaikovsky alimwandikia mdogo wake akijicheka: afanye nini, aende dirishani ainame? Na kama ni kuinama, kwa nini asipige kelele kabisa ya kumsalimu? Siku za mwanzo alikuwa na wasiwasi kwamba ataitwa aende kula. Hakuitwa. Wasiwasi ukaisha. Jioni moja walikuwa katika ukumbi mmoja wa maonesho, kila mmoja kwenye kiti chake, na alimwona kwa mbali. Mwisho wa Desemba mama alipofunga safari, aliyeona uchungu ni Tchaikovsky. Kuipita nyumba ile ikiwa tupu kulimliza.

Kisha ikaja Agosti 1879. Tchaikovsky alikuwa Simaki, nyumba ndogo ya shambani kilomita chache kutoka Brailov, na safari hii mwenye Brailov alikuwepo. Walikuwa wamepangiana saa za kutembea ili njia zisigongane. Siku ile mgeni alitoka mapema kuliko kawaida, akiamini wenyeji wako mezani wanakula. Wao nao walikuwa wamechelewa. Katika njia ya msituni magari ya farasi yakatokea mbele yake, na katika la kwanza alikuwamo Nadezhda von Meck. Macho yakakutana. Tchaikovsky akavua kofia. Mama akababaika, akakosa la kufanya. Farasi hawakusimama.

Tchaikovsky alirudi chumbani akaandika barua ya kuomba radhi, ndefu na yenye fadhaa, akieleza habari za saa na za njia kama mtu anayejitetea mahakamani. Jibu lilimshangaza. Bi Nadezhda alikuwa amefurahi hadi kutokwa na machozi. Hataki wajuane kwa karibu, alisisitiza, lakini kuwa karibu naye bila kusema, kama vile chini ya paa moja la ukumbi kule Florence, au kupishana naye njiani, humfanya amhisi kuwa ni mtu kweli, anayeishi, na hilo ni raha isiyo kifani.

Mwezi mmoja baadaye raha ile ilimfungua mdomo. Alikuwa akipiga simfoni yetu kwenye piano, kwa nakala iliyopangwa kwa mikono minne, na usiku ukawa mrefu. Akaandika kwamba alimwonea wivu, wivu usioruhusiwa, wa mwanamke kwa mwanamume. Siku alipooa ilimuuma kana kwamba kitu kimekatwa moyoni. Alimchukia mke yule kwa sababu hakumfurahisha, na angemchukia mara mia zaidi kama angemfurahisha. Halafu akaomba asamehewe, akasema simfoni ndiyo ya kulaumiwa.

Nimekutana na wasomaji wanaoichukua barua hiyo kuwa ufunguo: kumbe yalikuwa mapenzi tu, na yale mengine kisingizio. Sikubaliani nao. Barua ile iliandikwa mara moja, katikati ya mamia ya nyingine zinazohusu Mozart, magonjwa ya watoto, bei ya mazao na wapiga fidla wabovu. Urafiki wa miaka mingi huwa na usiku mmoja wa namna hiyo ndani yake, nao haukuvunjika. Walitumia karibu miaka 11 mingine wakiandikiana.

Kilichouvunja, kwa maoni yangu, kilianza na wazo jema la mama. Aliona kwamba kama wao wawili hawawezi kuwa ndugu, damu zao zinaweza. Alikuwa na watoto wa kuoza, na dada yake Tchaikovsky, Alexandra Davydova, alikuwa na mabinti. Wazo likasukumwa kwa miaka kadhaa, na Januari 1884 kijana wake Nikolai akamwoa Anna Davydova. Tchaikovsky alihudhuria harusi. Mama wa bwana harusi hakwenda.

Msomaji wa kwetu ataelewa haraka kuliko Mzungu kilichotokea. Walikuwa wamefanya urafiki ambao ndani yake hamkuwa na mtu wa tatu. Sasa wakawa wakwe, na ukwe una mashangazi, una nani kasema nini, una binti anayedaiwa kumtawala mume na familia inayomtazama kwa jicho la pembeni. Anna hakuelewana na baadhi ya watu wa nyumba aliyoolewa, na mjomba wake akajikuta anaandika kwa tahadhari mahali ambapo zamani aliandika bila kufikiri. Barua ambazo ziliwahi kwenda karibu kila siku zikawa za mwezi kwa mwezi. Mama alikuwa anadhoofika, mkono unamuuma, na kuandika kukawa kazi. Wladyslaw Pachulski, mpiga fidla wa Kipolandi aliyeajiriwa kama Kotek zamani, sasa akawa katibu wake na pia mkwewe, kwa kumwoa binti yake Yulia. Pachulski alitaka kuwa mtunzi. Tchaikovsky alimpa masomo kwa ajili ya rafiki yake, na hakumwona kuwa na kipaji. Huyo ndiye aliyekuwa akifungua bahasha.

Mwanzoni mwa Oktoba 1890 Tchaikovsky alikuwa Tiflis, katika Jojia, alipopata barua inayosema kwamba mali ya von Meck imeyumba na posho haitaendelea. Tatizo la fedha lilikuwa dogo kuliko ambavyo lingekuwa zamani: tangu 1888 Tsar Alexander III alimpa pensheni ya ruble 3,000 kwa mwaka, na alikuwa akiongoza okestra Ulaya nzima. Jibu lake lipo, na ni jibu la mtu aliyechomwa. Kumbe alikuwa ameombwa asimsahau, amkumbuke mara mojamoja. Anauliza: hivi kweli unadhani nitakukumbuka kwa muda ule tu ninaotumia fedha zako? Anamwambia kwamba amemwokoa, kwamba bila urafiki wake angekuwa amerukwa na akili na kuangamia.

Hakujibiwa. Alikuja kusikia kwamba utajiri wa von Meck haukuwa umekwisha, na hapo ndipo alipoumia zaidi. Kama hakufilisika, basi kwa nini anyamaze? Juni 1891 alimwandikia Pachulski akimwomba amweleze mama uchungu wake. Barua ikarudishwa. Kuna waliosema watoto walichoka kuona mali yao ikienda nje, wengine wakasema aibu, wengine maradhi, wengine Pachulski. Mtoto wake Vladimir alikuwa mahututi miaka ileile, na mama aliyekuwa na tabia ya kujiadhibu angeweza kuhesabu kwamba muziki ulimwibia saa za mwanawe. Kila sababu ina mashiko kidogo. Mimi naweka uzito kwa waliokuwa ndani ya nyumba, kwa sababu mtu asiyeweza kushika kalamu hutegemea wanaomshikia.

Tchaikovsky alifariki St. Petersburg tarehe 6 Novemba 1893, siku tisa baada ya kuongoza simfoni yake ya sita. Modest aliandika kwamba katika kuweweseka kwake alilitaja jina la Nadezhda Filaretovna kwa hasira. Miezi miwili baadaye, Januari 1894, mwenye jina naye alifariki Nice, Ufaransa.

Barua zilichapishwa Moscow kati ya 1934 na 1936, juzuu tatu. Nikolai, bwana harusi wa 1884, hakuziona. Alikuwa mhandisi wa reli kama baba yake, na utawala wa Kisovieti ulimpiga risasi mwaka 1929. Binti yake Galina, ambaye kwa upande mmoja ni mjukuu wa Nadezhda na kwa upande mwingine ni mjukuu wa dada yake Tchaikovsky, aliponea Uingereza, akatafsiri barua za Tchaikovsky kwa familia yake, na akaandika kumbukumbu za jamaa zake. Yeye alisimulia kwamba katika miezi ya mwisho marafiki wale walipatana kwa siri: Anna alipokwenda Nice kumuuguza mama mkwe, mjomba wake alimtuma amwombee msamaha, na msamaha ukapatikana.

Huenda. Familia hujua mambo ambayo makabrasha hayayajui. Lakini watu walioandikiana barua zaidi ya 1,200 ili wasilazimike kusemezana, kupatana kwa ujumbe wa mdomo, tena uliobebwa na mkwe? Katika juzuu zile tatu hakuna karatasi yoyote inayothibitisha. Wala barua iliyovunja urafiki haimo. Ilipotea, na yaliyokuwamo tunayajua kwa kusoma alivyojibiwa.